Neti ya matundu madogo kwa rasiberi na bluberi: uzoefu wangu wa misimu miwili

Nina kishamba kidogo cha kukodi: safu mbili za rasiberi, vichaka vinne vya bluberi na tuta moja la stroberi. Kabla ya neti hii, waliovuna hasa ni ndege. Hawangoji tunda liive. Likianza tu kugeuka rangi wanaliwahi alfajiri, na mimi nikifika nakuta vile vikonyo vyeupe vya rasiberi vimebaki vitupu kwenye matawi.

Neti yangu ya kwanza ilikuwa ya nailoni nyembamba yenye matundu mapana, nikaitandaza moja kwa moja juu ya vichaka. Nilijuta. Machipukizi yalipenya kwenye matundu, kwa hiyo kila nilipoifunua niliyavunja. Ndege nao walitua juu yake wakadonoa matunda yaliyogusana nayo. Kisha asubuhi moja nikakuta ndege mdogo amenaswa, uzi umemkaba shingoni na kwenye bawa. Nilimfunika kichwa kwa leso ili atulie, nikakata uzi mmoja mmoja kwa mkasi wa kucha, huku nikiusikia moyo wake ukimdunda kwenye kiganja changu. Aliruka salama. Neti ile niliing'oa siku hiyo hiyo.

Hii ya sasa ni nyeupe, imefumwa kwa uzi mnene kiasi, na matundu yake ni milimita 5. Kipimo ninachokiamini ni kidole: kikipita kwenye tundu, hata kichwa, mguu au bawa la ndege linaweza kunasa. Kwenye neti hii kidole changu hakipiti. Weupe wake unasaidia pia, maana ndege anaiona kabla hajaifikia.

Lakini neti peke yake si kitu bila fremu. Nilisimamisha nguzo za mita 2 ili niweze kuchuma nikiwa nimesimama ndani, nikaivuta neti ikakaza kama ngozi ya ngoma. Ikilegea inakuwa mtego tena. Chini niliacha kama sentimita 30 zilale ardhini, nikazikandamiza kwa mbao. Hapo msifanye haraka, kwani ndege anayetembea ardhini atazunguka ukingo wote mpaka apate upenyo.

Msimu wa kwanza nilikosea jambo moja kubwa: nilifunika maua yakiwa bado yamechanua. Matundu haya yanawasumbua nyuki, na wale wakubwa hawapiti kabisa. Rasiberi zikatoka zimepinda, nyingine zikisambaratika mkononi. Tunda la rasiberi ni fungu la vitunda vingi vidogo, kila kimoja na mbegu yake, na kisichochavushwa hakijai. Siku hizi nafunga petali zikishadondoka, matunda yangali mabichi. Stroberi zinazozaa mfululizo ndizo zinazonipa kazi, kwa sababu zina maua na matunda kwa wakati mmoja. Kwa hizo nafungua upande mmoja kukiwa na jua, nikiwa shambani, kisha nafunga kabla sijaondoka.

Kasoro zipo. Pindo halina matundu ya kupitishia kamba, na mshono wa kona moja ulifumuka mwezi wa pili. Nikaushona upya kwa uzi wa kuvulia samaki. Pia msiitegemee kwa wale inzi wadogo wanaotaga mayai kwenye matunda laini yanayoiva. Hao wanataka neti ya matundu yasiyozidi milimita 1, na hewa ndani yake inakuwa nzito, jambo linalokaribisha ukungu wa kijivu, ugonjwa unaoozesha matunda, msipopunguza matawi.

Mavuno yakiisha naivua yote, naiosha na kuiweka kivulini. Ndege wanaingia kuokota wadudu kwenye udongo, nami nakata mashina ya rasiberi yaliyokwisha kuzaa, nikiyaacha yale mapya ya msimu ujao. Baada ya misimu miwili nyuzi bado ni imara, na sijakuta ndege hata mmoja amenaswa.

Naipa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeizuia kwa sababu ya mshono. Nikiongeza safu nyingine nitanunua hii hii. Kichaka kimoja cha rasiberi, kile cha mwisho karibu na njia, nimekiacha nje ya fremu kwa makusudi. Hicho ni cha ndege.