Foto ya marehemu inayotabasamu: studio moja ya Kadutu, Bukavu

Mkileta foto ya koko (babu au bibi) aliyefariki kwenye studio hii ndogo, mnaondoka na video ya sekunde chache: anapepesa macho, anageuza kichwa, anatabasamu. Hiyo wanaiweza vizuri. Huduma yao ya pili, ya kumfanya marehemu aseme, msiilipie.

Mbinu hii ilienea Februari 2021, MyHeritage, kampuni ya mtandaoni ya kutafuta nasaba, ilipotoa Deep Nostalgia, programu ya kuchezesha foto. Mtu hai anarekodiwa akitikisa kichwa na kucheka, kisha programu inaubandika mwendo wake juu ya uso wa kwenye foto. Kwa hiyo tabasamu mnaloliona ni la mtu msiyemjua, limevishwa sura ya koko. Na kama kwenye foto alifumba mdomo, meno yanabuniwa yote. Mwenye pengo hurudi na meno kamili.

Itoeni foto kwenye kadre, maana kioo kinarudisha mwanga. Skana wanayo: ombeni dpi 600 (nukta 600 kwa kila inchi), msikubali ipigwe kwa simu. Uso uelekee mbele. Kitambaa cha kichwa kikishuka hadi kwenye nyusi, huyumba pamoja na ngozi. Foto ya harusi ambayo uso una ukubwa wa punje ya haragi, iacheni nyumbani.

Kabla ya kuichezesha, kijana wa mashine huipitisha foto kwenye programu ya kusafisha. Hapo ndipo pa kukaa karibu naye. Programu ile haitofautishi mkwaruzo wa karatasi na kovu la mtu. Kovu la shavuni, baka la pembeni ya pua, vyote hupanguswa, na mzee wa miaka sabini anatoka na ngozi ya tangazo la sabuni. Mwambieni asafishe nyuma tu, uso auache. Anajua kufanya hivyo, ila haulizi.

Kwa sauti, wanataka dakika moja au mbili za ujumbe wa WhatsApp, marehemu akisema peke yake, bila mlio wa jenereta. Faili lenyewe, si kulirekodi upya kwa simu ya pili. Uzito wa sauti hutoka sawasawa. Matamshi ndiyo si yake. Aliyezoea kusema "batoto bangu, mulilala muzuri?" na kuchomeka Mashi, lugha ya Bashi, na Kifaransa, sasa anasoma kama mtangazaji wa Dar es Salaam, tena maneno aliyoandikiwa na mjukuu. MyHeritage wenyewe mwanzoni waliacha sauti kwa makusudi, wakihofia matumizi mabaya. Ujumbe wake wa kweli mkiwa nao, ombeni wauweke ulivyo, na kikohozi chake, juu ya foto iliyotulia.

Bei hutajwa kwa dola, na noti iliyochanika pembe wanaikataa. Njooni na flashi yenu. Msitoke kabla ya kuona sauti imefutwa kwenye mashine yao, maana kwa sauti hiyo mtu anaweza kumpigia ndugu wa mbali ambaye habari ya kifo haijamfikia, akamwomba atume pesa.