Katriji ya wino ya printa, orijino au iliyojazwa upya, ipi inaokoa hela?
Kwa kazi za maandishi tu, barua, notsi, fomu, mi nasema chukua iliyojazwa upya, bei iko chini na usipozilinganisha kurasa kando kwa kando hata hutaona tofauti. Orijino inashinda kwenye picha za kutunza, rangi zake hazipauki haraka.

Ila angalia kwanza katriji yako ni ya aina gani, hapa ndo watu wanapigwa. Zingine zina kichwa cha kuchapia (kile kinachorusha wino kwenye karatasi) humohumo, hizo ukizijaza mara nyingi, kichwa kinachoka, mistari inaanza kukatika, utatupa katriji basi, lakini zingine ni kitangi tu na kichwa kiko kwenye printa yenyewe, wino mbovu ukiziba hapo umeumia kweli. Halafu kuna chipu, kile kidude cha elektroniki kwenye katriji! Printa za HP zenye Dynamic Security zinakataa chipu isiyo ya HP, ila katriji ya HP iliyojazwa upya ikabaki na chipu yake ileile inakubali, kwahiyo uliza hilo kabla hujalipa.

Na bei igawanye kwa idadi ya kurasa, maana katriji ndogo ya bei chee mara nyingi kila ukurasa wake ni ghali zaidi.