Kichujio cha maji cha Sawyer Squeeze katika njia za Usambara na Kilimanjaro

Anayetembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae, shanta mgongoni, hakosi maji, kwa kuwa vijito vinakatiza njia mara kwa mara. Anachokosa ni uhakika wa maji hayo, kwani juu ya kijito mara nyingi kuna kaya, zizi la ng'ombe au bustani ya kabichi, na maji huwa yameshapita huko kote kabla ya kufika njiani yakiwa maangavu kabisa. Kichujio cha Sawyer Squeeze kutoka Marekani, ambacho nimekitumia katika njia hizo na pia Kilimanjaro, kinaondoa sehemu kubwa ya hatari hiyo, ila anayekinunua akidhani kuwa hahitaji kitu kingine chochote amekielewa vibaya.

Chenyewe ni kidogo, kinatosha kiganjani, na kina uzito wa gramu 85 hivi. Ndani yake mna nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati kama mirija, na vitundu vya kuta zake havizidi mikroni 0.1 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Unajaza maji kwenye mfuko wake, unafunga kichujio mdomoni, unaminya, na maji yanatoka upande wa pili yakiwa tayari kunywewa, bila kusubiri na bila harufu ya dawa. Bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu hawapenyi, wala vimelea kama giardia, ambavyo ni vikubwa zaidi. Hesi zake zinaingiana na chupa za soda za plastiki zenye mdomo wa milimita 28, kwa hiyo mfuko ukitoboka safari haikwami. Kilimanjaro, hata hivyo, chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi hifadhini, na huko ni afadhali kubeba mfuko wa akiba.

Virusi ni habari nyingine. Kirusi cha homa ya ini aina ya A kina upana wa takriban mikroni 0.03, yaani kinapita katika kitundu cha mikroni 0.1 bila kuguswa. Katika milima isiyo na watu, ambako vichujio vya aina hii vimezoeleka, jambo hilo halisumbui sana, kwa sababu virusi vinavyomdhuru binadamu hutoka hasa kwenye kinyesi cha binadamu. Usambara ina watu wengi, na vyoo vingi viko juu ya vijito. Huko mimi huchuja kwanza, kisha hutia klorini katika maji yaliyokwisha kuchujwa na kungoja nusu saa. Mpangilio huo una sababu zake: uchafu unaoelea hula klorini kabla haijafanya kazi yake, na kriptosporidi, kimelea kinachostahimili klorini kwa kiwango cha ajabu, huwa kimeshanaswa na nyuzi.

Kuhusu vidonge vya klorini vyenyewe, inafaa kusoma pakiti kabla ya kulipa. Kile kilichozoeleka majumbani, cha miligramu 67, kimepimwa kwa ndoo ya lita 20, nacho hakifai kwa chupa ya lita moja. Kukivunja vipande kwa ukucha ni kubahatisha dozi. Chapa ya Aquatabs ina kidogo cha miligramu 8.5 kwa lita moja, na hicho ndicho cha kuweka kwenye shanta.

Baada ya mvua vijito hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hapo kichujio huanza kuziba, mkono unaminya na maji yanadondoka tone kwa tone. Dawa yake ni bomba la sindano linalouzwa pamoja nacho: unavuta maji safi na kuyasukuma kwa nguvu kutoka upande wa kutokea, na tope linarudi lilikoingilia. Ni bora zaidi kuyaacha maji yatulie usiku kucha kwenye chombo, kisha kuyamimina ya juu taratibu kupitia kanga iliyokunjwa. Asiyetaka kazi hii ya jioni asinunue kichujio cha kuminya.

Kilimanjaro udhaifu wake ni baridi. Kichujio kikishapata maji, nyuzi hubaki na unyevu hata ukikikung'uta, na unyevu huo ukiganda hutanuka na kuzipasua. Hakuna alama itakayoonekana kwa nje; maji yataendelea kutoka vizuri, pamoja na bakteria wake. Kwa hiyo usiku hulala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, kikiwa kimefungwa kwenye nailoni. Katika kambi ya Barafu, mita 4,673, hakina kazi kubwa hata hivyo, kwa kuwa hakuna chanzo cha maji hapo na wagumu, yaani wapagazi, huyabeba kutoka bonde la Karanga. Maji hayo wapishi huyachemsha, na ingawa kwa kimo hicho huchemka kwenye nyuzi joto 85 hivi, joto hilo linatosha kuua vijidudu. Ushauri wa kawaida kwa maeneo yaliyo juu ya mita 2,000 ni kuyaacha yatokote kwa dakika tatu.

Dawa za kunyunyizia mboga haziondolewi na nyuzi hizi, wala na klorini, wala kwa kuchemsha. Kando ya bustani za Lushoto inabidi kuuliza wenyeji chemchemi iko wapi na kupanda hadi juu ya shamba la mwisho, hata kama kijito cha karibu kinavutia.

Kwa msafiri mmoja au wawili ningekinunua tena bila kusita, pamoja na pakiti ya vidonge vidogo. Kundi la watu wanane lenye mpishi na sufuria kubwa halikihitaji, maana mtu mmoja angeshinda jioni nzima akiminya mfuko ilhali moto tayari unawaka.