Hosteli ya Chuo Malindi: Msiilipie Kabla Hamjaona Kitanda cha Juu

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina simu wala feni ya kuwaonyesha. Leo nachambua kitu nilichokilipia muhula baada ya muhula na sijakipa hata nyota moja: hosteli ya chuo. Mmeniuliza sana, hasa nyie mnaokuja Malindi kusoma kutoka Lamu, Garsen, Hola huko. "Dada, nikae hosteli ama nipange chumba?" Ngojeni kwanza nipande.

Mwaniona? Hapa ndipo ninapolala. Dabodeka, kitanda cha juu. Siku ya kuripoti nilitoka Lamu alfajiri, boti mpaka Mokowe, basi mpaka hapa, na nilipoingia chumbani vitanda vya chini vyote vishatandikwa mashuka ya watu. Huulizwi wapenda wapi.

Mengine mwayajua: soketi moja watu wanne, foleni ya bafu, matroni anayesaka hita za kuchemshia maji. Siyarudii. Nataka muone hili. Shoga, nishikie kamera, inua kidogo. Lile ni pangaboi. Nikikaa kitako nikapiga miayo huku nimejinyoosha, mkono huu ushafika kwake.

Sasa tundikeni chandarua. Hiki hapa, kile cha duara, msumari wake uko darini. Nakishusha, nachomekea chini ya godoro, safi, bibi harusi. Shoga, washa pangaboi, namba mbili tu. Tazameni kitambaa kinavyovuta pumzi. Kinakwenda... kinakwenda... zima! Zima! Mwaona? Kimenaswa. Hapa nishashona mara mbili, huu uzi mweusi ni wangu.

Kwa hiyo usiku wa kaskazi, Januari, una mawili. Ulale ndani ya chandarua bila upepo, uamke umelowa kama uliyetoka kuogelea, au uwashe pangaboi uwakaribishe mbu. Mimi nilichagua upepo. Nitawaambia ulinigharimu nini, msiondoke.

La pili, kikombe cha maji. Nakiweka hapa ubaoni pembeni ya godoro. Mwenzangu wa chini, hebu geuka upande wa pili. Geuka tu, usiruke! Nusu ya maji ishanimwagikia gotini. Sasa mpe mtu huyo mtihani kesho, awe anasoma huku anatikisa mguu. Unalala kama uko ndani ya jahazi, na mimi ni mtu wa Lamu, jahazi nalijua, lakini jahazi lina mahali linakwenda.

Kabla sijasahau: video sasa zitatoka Alhamisi, si Jumapili, nina vipindi vya asubuhi. Na yule aliyeshinda pawabanki bado hajaja kuichukua. Nitaitumia mwenyewe, wallahi.

Haya, mpinzani. Muhula wa pili nilihama nikapanga chumba Maweni. Hapa nalipa 14,000 kwa miezi minne. Kule ilikuwa 4,500 kwa mwezi, piga hesabu, hiyo ni 18,000, ongeza dipoziti, tokeni za stima, na tuktuk kila asubuhi. Chandarua nilitundika, hilo sikatai. Nilirudi usiku saa niliyotaka, wakati hapa geti linafungwa saa tatu, ukienda harusi Mambrui basi ulale huko huko. Lakini maji yalikuwa ya kisima peke yake, ya chumvi, sabuni unasugua mpaka mkono unauma na povu huoni. Hapa hosteli angalau tuna bomba la maji yanayotoka Baricho, yakikatika ndipo tunarudi kwenye chumvi kama binadamu wengine.

Na Ramadhani! Kule nilikula daku peke yangu nikiangalia ukuta. Hapa saa tisa usiku sinia moja, wali na maharagwe ya nazi, na mwenzetu Mgiriama asiyefunga ndiye wa kwanza kuamka, eti hatuwezi kula bila yeye.

Nikarudi. Kitanda cha juu tena, upepo tena, na mbu wakanipata. Usiku wa pili wa homa nilijifunika gubigubi, sikusema neno, nikidhani ni uchovu. Nikaanza kutetemeka. Yule wa chini, huyu huyu mwenye mguu, aliamka akinigombeza: "Wee, acha kutikisa kitanda!" Sikujibu. Akapanda ngazi akanishika paji la uso. Nilipimwa usiku ule ule, malaria. Kitanda kilichonipa homa ndicho kilichonisemea.

Ndiyo maana nyota zinanisumbua. Nilikuja hapa nimekusudia kutoa mbili. Natoa tatu. Kwa kitanda cha chini ni nne, kwa hiyo ripotini mapema, na mje na kamba, chandarua mkifunge kwenye vyuma vya kitanda chenyewe, pembe nne, kile cha mraba, si hiki cha bibi harusi. Hosteli zenye vitanda vya mtu mmoja nimesikia zipo, bei yake nitaichambua siku mkinichangia.

Haa! Stima hiyo imekwenda. Shoga, bado unarekodi? Nimulikie basi, sioni ngazi iko upande gani.