Mazoezi ya kizunguzungu, ghorofa ya tatu bila lifti

Nianze na ngazi. Kliniki ya watu wasioweza kusimama sawasawa imewekwa ghorofa ya tatu, lifti imebandikwa karatasi ya "mbovu", na marumaru za ngazi zinateleza kama zimemwagiwa mafuta. Hapo nawapa sifuri. Kwa huduma yenyewe nawapa nyota nne.

Mimi nauza vitenge Kariakoo. Baada ya mafua makali niliamka chumba kinazunguka, nikatapika kutwa nzima. Daktari wa masikio akasema neva ya usawa wa mwili, ile ya sikio la kushoto, imevimba, huenda ni virusi. Kule kuzunguka kukali kulikwisha, ila nikigeuza kichwa ghafla rafu zote dukani zilicheza, na kwenye msongamano nilikuwa nayumba hadi watu wananitazama, huyu mama kalewa asubuhi yote hii! Vidonge vilinilaza usingizi tu.

Kijana wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi) aliyenipokea alianza na macho yangu, si masikio. Akanieleza kwamba kila sikio lina mifereji mitatu ya nusu duara yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, mifereji hiyo inapeleka taarifa kwenye ubongo, nao unayageuza macho upande wa pili ili unachokitazama kitulie. Sikio moja likidhoofika, taarifa za kushoto na kulia hazilingani tena. Ubongo unaweza kujifunza upya, lakini hauwezi kujifunza ukiwa umekaa tuli.

"Kwa hiyo nimekuja kupunguziwa kizunguzungu au kuongezewa?" nikamuuliza.

"Kuongezewa kidogo, mama. Ndiyo dawa yenyewe."

Vile vidonge vya kulaza, alisema, ni vya siku za mwanzo. Vikiendelea sana vinauchelewesha ubongo. Akanirudisha kwanza kwa daktari wangu tukubaliane jinsi ya kuviacha. Hilo nililipenda.

Zoezi kubwa ni kadi yenye herufi E. Unaikazia macho huku unatikisa kichwa kulia na kushoto. Herufi ikianza kufifia, unapunguza kasi. Halafu unasimama miguu imebanana, halafu juu ya sponji nene, halafu macho yamefumbwa. Mwisho unatembea kwenye korido ukigeuka huku na huku, yaani ile ile kazi yangu ya sokoni. Muda wote amenishika mkanda kiunoni, ananipa na historia: mazoezi ya namna hii yalianzia Uingereza miaka ya 1940 kwa madaktari wawili, Cawthorne na Cooksey. Nyumbani unarudia mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache. Yanachosha, sitawadanganya, na wiki za mwanzo nilirudi nyumbani na kichefuchefu.

Msijilinganishe na jirani wa kwenye benchi. Mzee mmoja alikuja analalamika kizunguzungu cha kujigeuza kitandani tu. Yeye chembe za chokaa zilihama mahali pake ndani ya sikio, zikaingia mferejini. Akalazwa chali kitandani, kichwa kikageuzwa hatua kwa hatua kwa njia ya Dk. Epley wa Marekani, akaketishwa. Dakika chache! Akashuka anacheka, mimi nimebaki na E yangu. Wivu niliuona. Ndiyo maana nasema mpimwe kwanza, msiige video za simuni.

Bei ni shilingi 35,000 kwa kipindi na bima yangu haikulipa hata senti. Karatasi ya mazoezi ya nyumbani ni fotokopi iliyofifia, tena ya Kiingereza. Mwanangu ndiye aliyeniandikia upya. Lakini leo napanda stuli kushusha majora mwenyewe. Gizani bado nashika ukuta.

Pigeni simu kwanza mhakikishe yule kijana yupo. Alipokuwa likizo, aliyeshika zamu alikuwa mtaalamu wa migongo na magoti: alinikanda shingo, akanitoza bei ile ile.