Uzoefu wangu: fundi umeme wa Tabora na Eunos Roadster iliyokuwa ikizima ghafla

Ninaandika kuhusu huduma niliyoipata mwaka jana kwa fundi umeme wa magari, mzee mmoja wa hapa Tabora mjini, ambaye sitamtaja jina kwa sababu yeye mwenyewe aliniomba nisimtangaze, akisema kwamba kazi alizonazo zinamtosha na macho yake si ya jana. Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya mwaka 1991. Kampuni ya Mazda ililiuza gari hili Japani kwa jina la Eunos, ilhali nchi nyingine nyingi hulifahamu kama MX-5, na lilionyeshwa kwa umma kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Chicago mwezi Februari 1989. Lina viti viwili tu, paa la turubai linalokunjwa kwa mkono, injini ya sentimita za ujazo 1,597 inayozungusha magurudumu ya nyuma, na taa kubwa za mbele zinazolala ndani ya bodi mchana na kuinuka zinapohitajika. Watoto wa mtaani kwetu Cheyo wanaliita Chura, nami sijapata hoja ya kuwapinga.

Nililinunua nikijua kwamba si gari la kumwachia fundi yeyote. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye Corolla, Noah, Probox na IST, na kwa magari hayo wana mikono myepesi kabisa. Lakini ukiwafungulia boneti ya gari la michezo la zaidi ya miaka thelathini, lenye betri ndani ya buti badala ya mbele, wengine huanza kucheka kabla hawajaanza kazi.

Hitilafu ilianza Ijumaa moja ya Oktoba, mwezi ambao jua la Unyamwezi huchoma kuliko miezi yote kwa kuwa mvua bado hazijafika. Nilikuwa narudi kutoka Nzega kumsalimia dada yangu, na nilipokuwa nimeipita Isikizya kidogo, nikienda kama kilomita 90 kwa saa, injini ilikata. Haikukohoa, haikutetemeka wala haikupungua nguvu kwanza. Ilikata kama vile mtu amenyoosha mkono na kuzima swichi. Niliserereka hadi pembeni, nikajaribu kuwasha, na starta ikazunguka vizuri bila injini kushika. Nilikaa chini ya mti kwa dakika arobaini hivi, nikajaribu tena, ikawaka mara moja na kuunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Kilomita kumi na mbili mbele ikarudia yale yale, na safari hii sikuwa na moyo wa kusubiri. Dereva wa Kanta aliyekuwa anarudi mjini bila mzigo alinivuta kwa kamba kwa malipo ya shilingi 80,000, na ninaamini alinihurumia.

Gereji ya kwanza niliyokwenda ni kubwa, ina sakafu ya saruji na mashine ya kupimia magari yenye kioo cha rangi. Mashine hiyo ilikuja na waya wake wenye plagi ya pini kumi na sita, na gari langu halina mahali pa kuichomeka, kwa sababu lilitengenezwa kabla ya mfumo huo kuenea. Baada ya hapo upimaji uliisha na ubashiri ukaanza. Niliambiwa kwamba gari linalokata likiwa na joto na kuwaka likipoa lina pampu ya mafuta iliyochoka. Maelezo hayo si ya kipuuzi, kwani pampu kuukuu huweza kufanya hivyo hasa, na ndiyo maana niliyakubali. Ilinunuliwa pampu iliyotumika kwa shilingi 180,000, ikabadilishwa chujio ya mafuta, plagi zote nne zikatolewa na kurudishwa, na betri ikafunguliwa kwa siku mbili. Kijana mmoja alilegeza pia sensa iliyo nyuma ya silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ili aisafishe, kisha akaikaza kwa kukadiria kwa jicho. Nilitoka na gari lililokuwa zito kupanda hata kilima kidogo, na siku ya nne likanizimikia karibu na stesheni ya reli, mchana wa saa nane, mbele ya abiria waliokuwa wakisubiri treni ya Kigoma.

Aliyenielekeza kwa mzee ni mwendesha bodaboda. Mahali pake ni uwanja wa vumbi chini ya miembe miwili mikubwa, hakuna kibao, na ofisi ni kontena lililokatwa mlango. Nilimwamkia, akaitikia, kisha badala ya kuomba ufunguo akanivutia kigoda.

"Mwanangu, boneti tutaifungua baadaye. Injini ilipokata, ule mshale wa mizunguko uliteremka taratibu pamoja na gari, au ulianguka?"

Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo, na ilinibidi nifumbe macho nijirudishe barabarani. Gari lilikuwa bado linaserereka likiwa ndani ya gia, magurudumu yakiizungusha injini, lakini mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri tangu mwanzo. Nilimwambia ulianguka. Akatikisa kichwa akasema, "Basi pampu yako ya kwanza haikuwa na kosa."

Alinieleza kwa lugha nyepesi, nami nayarudia maelezo yake kwa kuwa yanaweza kumwokolea mtu fedha. Mshale wa mizunguko haupimi injini moja kwa moja, bali huhesabu mapigo ya umeme yanayotoka kwenye mfumo wa kuchoma plagi. Mafuta yakikatika huku umeme ukiendelea, mapigo yanaendelea kuhesabika kwa muda wote ambao magurudumu yanaizungusha injini, hivyo mshale hushuka pole pole. Mshale ukianguka papo hapo wakati gari bado linakimbia, kilichokatika ni umeme wa plagi wenyewe, ama kwa kukosa chakula chake, ama kwa kukosa habari ya mahali zilipo pistoni. Kwenye injini hii habari hiyo huletwa na sensa ya pembe, ile ile iliyo nyuma ya hedi, ambayo huzungushwa na kamshafti (mhimili unaofungua vali za injini) na kupeleka ishara za aina mbili kwenye kompyuta ya injini. Ishara zisipofika, kompyuta haijui iwashe plagi lini wala imwage mafuta lini, kwa hiyo haifanyi lolote.

Kisha ndipo akafungua boneti. Upande mmoja wa chumba cha injini kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko, ambacho kwa miaka yote niliyomiliki gari sikuwahi kukifungua. Ndani yake kuna matundu yenye herufi. Aliunganisha tundu la F/P na la GND kwa kipande cha waya, akafungua swichi bila kuwasha injini, na pampu ikalia kule nyuma kwenye tenki kwa sauti moja isiyotetereka. Akaiacha ilie wakati anakunywa chai. Halafu akaunganisha TEN na GND, akaweka kitaa kidogo cha LED kwenye matundu mengine ya boksi hilo hilo, na tukangoja kitaa kimulike namba ya kosa. Hakikumulika kitu. Mzee alisonya, si kwa hasira sana: betri ilipofunguliwa kule gereji ya kwanza, kumbukumbu yote ya kompyuta ilifutika, na ilibidi gari likosee tena mbele yake.

Hapo ndipo shida ilipokuwa, maana likiwa chini ya mwembe liliunguruma saa nzima bila kukata. Mzee alimtuma mwanafunzi wake saluni ya jirani akaazime mashine ya kukaushia nywele. Alianza kuipulizia hewa ya moto koili za plagi, dakika tano, hakuna kitu. Akahamia kwenye rilei kuu, hakuna kitu. Akahamia nyuma ya hedi, kwenye kile kifungu cha nyaya nne kinachoingia kwenye sensa ya pembe, na kabla sijaangalia saa injini ikakata, mshale ukalala. Kitaa cha LED kikamulika mara mbili, kikatulia, kikamulika mara mbili tena. Kosa namba 2, yaani ishara ya mizunguko kutoka kwenye sensa haifiki.

Fundi mwenye haraka angeishia hapo na kuniagiza sensa, ambayo nilikuwa nimeshaulizia Dar es Salaam na kutajiwa shilingi 350,000 kwa iliyotumika. Mzee alichukua wembe, akapasua utepe wa gundi uliofunika zile nyaya, akazitenganisha moja moja. Kwa macho zote zilikuwa nzima. Akaushika waya wa kwanza kwa vidole viwili kila upande, akauvuta kidogo, ukakaza. Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu, ule unaoipelekea sensa umeme, ulinyumbuka kama mpira wa manati, sentimita mbili tu kutoka kwenye plagi yake. Alinipa mimi niuvute, na hisia ile bado iko kwenye vidole vyangu: plastiki ya nje inakufuata kwa ulaini kwa sababu shaba ya ndani haipo tena ya kuizuia. Alipoimenya tukaona nyuzi za shaba zimegeuka nyeusi na kukatika, ncha mbili zikigusana kwa bahati. Injini ikipata moto, plastiki inatanuka na ncha zinaachana, ikipoa zinarudiana. Miaka mingi ya joto la hedi na mitikisiko ya barabara zetu za vumbi imefanya kazi yake mahali ambapo waya unapinda kwa nguvu kuingia kwenye plagi.

Matengenezo yenyewe hayakuchukua muda. Alikata nyaya zote nne, si ule mmoja, kwa hoja kwamba zimezeeka pamoja, akaunga vipande vipya kwa lehemu, akavalisha mipira inayojibana kwa moto, na akaacha ulegevu wa kutosha ili zisivutwe tena. Kilichochukua muda ni kurekebisha alichokivuruga yule kijana wa kwanza. Kumbe sensa hiyo ikizungushwa kidogo tu, muda wa kuchoma plagi unabadilika kwa injini nzima, ndiyo maana gari lilikuwa zito. Akiwa ameunganisha tena TEN na GND, mzee alimulika puli ya mbele kwa taa ya taiming na kuizungusha sensa taratibu hadi alama ikakaa digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Baada ya hapo alichora mstari wa rangi nyeupe kati ya sensa na hedi, akaniambia, "Mtu mwingine akija kuifungua, mwonyeshe huu mstari kwanza."

Mimi ni mhasibu, hivyo risiti kwangu ni jambo zito, na hapa sina ya kuonyesha. Mzee hatoi risiti. Alinidai shilingi 60,000 za kazi na 15,000 za vifaa, na nikizilinganisha na 265,000 nilizoacha gereji ya kwanza pamoja na pampu na chujio ambavyo sikuvihitaji, sina cha kulalamika kuhusu bei. Nina la kulalamika kuhusu muda. Niliambiwa njoo Jumatatu, nikapokewa Jumatano, kwa sababu Fuso la mteja wa tumbaku liliingizwa mbele yangu, na hakuna aliyenipigia simu kunizuia nisiende bure. Kiti cha dereva kilirudi na alama ya grisi yenye umbo la kiganja ambayo sabuni haijaishinda. Vilevile hatoi dhamana ya aina yoyote. Nilipomuuliza kama gari halitakata tena alinijibu kwamba yeye amerekebisha alichokiona. Mtu anayetaka karatasi zenye mhuri na chumba cha kusubiria hatapafurahia pale. Mwenye mashine ya kukaushia nywele naye alidai shilingi 2,000 kwa kuwa ilirudi na harufu ya mafuta, nami nikalipa bila kubishana.

Jambo moja halikumalizika. Nyuma ya sensa kuna pete ya mpira ambayo imekakamaa na inavujisha oili kidogo kuelekea kwenye hozi za maji, na pete ya ukubwa huo haikupatikana Tabora nzima. Mzee alikataa kupachika ya kubahatisha, akaniambia niagize. Tangu siku ile imepita miezi mitano, msimu wa mvua karibu wote, gari limekwenda Nzega mara sita na Sikonge mara mbili, na mshale haujaanguka hata mara moja nikiwa barabarani. Pete imefika juzi kwa basi kutoka Dar es Salaam, imefungwa ndani ya bahasha. Nimepangiwa Jumanne, baada ya Fuso.