Safari ya vipepeo weupe Tombstone, hifadhi ya Yukon huko Canada: nyota 3, na zote ni za mwongozaji

Jina la kampuni silitaji, malalamiko nimeshawatumia wenyewe.

Tulichukuliwa Dawson City saa 12 asubuhi, mwezi wa 6, tukaingia Dempster Highway ile ya changarawe mpaka Tombstone, na hapo ndo waliponichosha, maana tunafika kuna wingu zito, baridi mpaka vidole vinauma, kipepeo hata wa dawa hakuna. Masaa matatu tunapigana na mbu tu! Sasa mtu unauzaje safari ya vipepeo halafu hujui hawa hawaruki bila jua? Na kule mwezi wa 6 usiku wenyewe hauna giza la maana, wangetuacha tulale tutoke saa 4 tusingekosa chochote. Mwongozaji, dada mmoja mpole sana, anasema ofisini kashawaambia wee, hawasikii.

Ila jua lilipochungulia, aisee. Dakika kama kumi hivi akatuita kwa mkono, kimyakimya, tukasogea tunanyata. Huyo hapo juu ya jani. Pieris angelika, wanamwita Arctic White, makazi yake Alaska, Yukon na maeneo ya jirani huko juu. Mabawa kayafungua nusu tu, kama kitabu mtu kakiegesha, nikadhani amechoka kumbe ndo anaota jua: ule weupe unarudishia mwanga mwilini, na pale bawa linapoungana na mwili kuna kama vumbi jeusi, hilo linanyonya joto. Mwili usipokaribia nyuzi 30 harukiki huyo. Chini ya bawa mishipa imekolea utadhani imechorwa na kalamu ya wino, na jike ndo zaidi, halafu ana kaumanjano fulani. Mi nilitegemea mweupe pee! Msimu wote wa baridi anaumaliza akiwa pupa, yaani bado yumo kwenye ganda hajatoka kuwa kipepeo, hapo dada alieleza vizuri mno, anajua kazi yake.

Tukahesabu wanne, wingu likarudi, wakapotea wote kama wameambizana.

Ukienda beba neti ya kichwani, uliza kama huyo dada yupo zamu, na angalia hali ya hewa kabla hujalipa, maana mimi niliomba kusogeza siku wakanijibu hela ikishaingia ndo imeingia.